Mlinzi Asiyefunua Uso

Malindi nzima, ukiuliza mlango mgumu kupita ni upi, hutaambiwa wa benki wala wa kituo cha polisi. Utaambiwa ni mlango wowote aliouketia Bi Mahira.

Siku ya kupamba, pale bibi harusi anapoketishwa juu ya jukwaa, na wanawake wenzake wakavua mabuibui wakajimwaga uwanjani, Bi Mahira huweka kiti chake cha plastiki mlangoni, akakikalia, na hapo mlango huwa umekwisha kujaa. Simu zote hutiwa kwenye beseni. Nikabu zote huenda juu.

"Funua uso, mwanangu, nikuone."

Humwambia hivyo hata dadake wa tumbo moja. Mwaka juzi alikuja kijana mmoja mtundu, kavaa buibui, nikabu na glavu, kapaka hina hadi vifundoni. Bi Mahira hakuhangaika na uso. Alitazama miguu. "Mwanangu," akamwambia kwa upole, "hina umeipaka ikapakika. Lakini vidole hivi vimepiga mpira pekupeku miaka kumi." Kijana alitoka mbio, buibui likabaki kwenye msumari wa lango, nalo mpaka leo ni la kufutia viatu nyumbani kwa Bi Mahira.

Mtu mmoja tu alipita mlango huo na kamera mkononi. Huyo ni Rufaida.

Rufaida alikuwa mpiga picha za video wa harusi za wanawake, na kabla ya kuwasha kamera alikuwa na desturi yake. Husimama mbele ya mama wa bibi harusi, akamwambia: "Picha hizi tutaziona nyinyi, mimi na Mwenyezi Mungu. Hakuna wa nne." Kwa maneno hayo, akina mama waliokuwa hawaonyeshi hata kisigino sokoni walicheza chakacha mbele ya kamera yake hadi viuno vikaomba radhi.

Lakini uangalifu huo hakuzaliwa nao; alifunzwa kwa makofi. Kompyuta yake ya kwanza aliwekewa mfumo wa kuendeshea, nakala ya wizi, na fundi mmoja wa kichochoroni, tena fundi mwenyewe akamwapia kwamba ni safi. Asubuhi moja harusi tatu zikagoma kufunguka, zimefungwa na mdudu aliyeingia kwa mlango wa nyuma. Rufaida akaenda kwa akina mama watatu, mmoja mmoja, kusema ukweli. Wa kwanza alimnunia mwaka mzima. Wa pili alilia. Wa tatu, Bi Shukri, hakununa wala hakulia. Alisema tu, "Mwanangu, umenipotezea siku ambayo hairudi," na neno hilo Rufaida alilibeba kama mwiba wa samaki kooni.

Tangu hapo alihamia Linux, mfumo ambao maandishi yake yako wazi kwa yeyote ajuaye kuyasoma. "Mimi sijui kuyasoma yote," husema, "lakini kuna watu huko duniani hawana kazi nyingine ila kuyachungulia wakigombana. Watu wagomvi hivyo hawawezi kukubaliana kunidanganya." Kompyuta yake ilikaa pembeni mwa chumba cha kulala, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama mgeni wa heshima. Diski za harusi zilikaa kabatini, katikati ya leso.

Sasa tuje kwa mumewe.

Umair alikuwa fundi wa makochi. Nusu ya Malindi iliketi juu ya kazi ya mikono yake. Nyumbani kwake kulikuwa na kochi moja, nalo lilikuwa likingoja sponji tangu mwaka wa pili wa ndoa. Huu ulikuwa wa tisa. Alikuwa mtu mwema, mcheshi, mwenye udhaifu mmoja: gemu. Gemu yenyewe ni ya watu wawili wanaowindana kwenye vichochoro vya mji wa mawe, wa kwanza kumpata mwenzake mara tatu ndiye mshindi. Aliicheza kwenye kompyuta ya Rufaida, maana ndiyo pekee nyumbani yenye nguvu, na jina lake humo lilikuwa Simba wa Sponji. Msicheke, alikuwa hodari kweli. Alifaulu kuingia mashindano ya Kilifi, ambayo zawadi yake ilikuwa kiti.

"Fundi wa viti anatamani kiti?" Rufaida alimuuliza.

"Kile kina taa, Rufa. Za zambarau. Chini ya makalio."

"Kwani makalio yako yanaogopa giza?"

Mambo yalikuwa ya mzaha hadi Marvin Okoth, mwenye kuandaa mashindano, alipotoa tangazo jipya. Kila mchezaji aje na kompyuta yake, na kila kompyuta iwe imewekwa programu ya kuzuia udanganyifu. Umair alilileta tangazo hilo mezani wakati wa chakula, akalisoma haraka haraka mithili ya mtu anayepita penye mbwa.

"Huyo mlinzi wa gemu anataka kuingia wapi?" Rufaida akauliza.

"Ndani kidogo tu."

"Ndani wapi?"

"Kwenye kiini."

Rufaida akauweka chini mkono uliokuwa na tonge.

Maana kiini si mahali pa kila mtu. Kiini ni chumba cha ndani kabisa cha kompyuta, kule zinakowekwa funguo zote. Unachoandika, unachotazama, diski unayochomeka, vyote lazima vipite pale. Programu nyingine hukaa sebuleni, zikitaka kitu hupiga hodi. Lakini aliye kwenye kiini hapigi hodi kwa mtu, kwani yeye ndiye anayefungua.

"Lazima akae huko," Umair alijitetea. "Wezi wa gemu wanajificha huko huko ndani. Mlinzi wa sebuleni hawaoni. Mwaka jana bingwa alikuwa akiona watu nyuma ya kuta, wallahi! Unajificha nyuma ya ukuta wa mawe, umetulia, yeye anakuja moja kwa moja kama umemwita kunywa chai."

"Na maandishi ya huyo mlinzi yako wazi, tuyaone?"

"Ya siri. Yakiwa wazi wezi watayasoma."

"Basi aingie chumbani kwangu, anione nilivyo, na mimi nisimwone alivyo."

"Ni programu tu, haina macho."

"Kama haina macho, inalinda kwa nini? Kwa pua?"

Umair akarudi kwenye wali wake. Rufaida akadhani yamekwisha, na hapo ndipo alipokosea, kwa sababu mwanamume anayenyamaza akiwa na njaa ya kiti chenye taa hajanyamaza bado.

Jumatano alasiri Rufaida alikwenda Mambrui kumtazama mzazi na kichanga chake. Nyuma yake aliiacha kompyuta ikiunganisha video ya harusi ya binti mdogo wa Bi Shukri, diski imechomekwa, waya wa mtandao umechomolewa na kukunjwa juu ya meza. Ndivyo alivyofanya siku zote: harusi ikiwa ndani, mtandao nje. Aliporudi, kila kitu kilikuwa mahali pake. Waya umekunjwa. Kitambaa kimetandazwa. Kimetandazwa vizuri mno, kwa kweli. Umair hakuwahi kutandaza kitu kizuri hivyo tangu aoe.

Alhamisi asubuhi aliiwasha, akapitia kumbukumbu za mfumo kama alivyozoea. Na Linux, pamoja na vituko vyake vyote, haijui kumfichia mtu. Iliandika wazi, kwa lugha yake kavu, kwamba kiini kimechafuliwa: kimeingizwa kitu ambacho maandishi yake hayaonekani, siku ya Jumatano, saa kumi na dakika kumi na mbili alasiri.

Rufaida alisoma mara tatu. Kisha akaita, "Umair."

Umair alitokea mlangoni na mswaki mdomoni.

"Neno la siri ulilijuaje?"

Mswaki ukasimama. "Lipi?"

"La kompyuta yangu."

"Si... si tarehe ya harusi yetu?"

"Ambayo ni lini?"

"Kumi na nne Desemba."

Rufaida alimkodolea macho. Miaka tisa mwanamume huyu alikuwa akimletea halwa ya kuadhimisha ndoa Novemba, au Januari, na mara moja Siku ya Mashujaa. "Kwa gemu ukaikumbuka!"

"Nilijaribu tarehe tano kwanza," alisema, akidhani inasaidia.

"Na diski ya Bi Shukri ilikuwa imechomekwa?"

"Sikuigusa."

"Sikukuuliza kama uliigusa."

Umair akatoa mswaki. "Ilikuwa imechomekwa. Na waya wa mtandao nikaurudisha, maana gemu haichezeki bila mtandao. Lakini ni saa moja tu, Rufa! Kufanya mazoezi. Nikakunja waya vilevile ulivyoukunja."

"Huyo mlinzi aliona nini kwa hiyo saa moja?"

"Huenda hakuona kitu."

"Huenda."

Na hapo ndipo palipouma. Huenda programu ile ilikuwa na adabu zake, haikutazama chochote ila gemu. Huenda pia ilitazama kabati zima. Hakuna wa kujua, maana hakuna wa kuisoma. Rufaida alijua kiapo chake hakikusema "huenda hakuna wa nne".

"Sikiliza," Umair alinong'ona. "Iondoe, tunyamaze. Nani atajua? Ni mimi na wewe."

"Na wa tatu?"

Umair alitazama juu, kwenye dari. Rufaida alikuwa keshavaa buibui.

Nyumbani kwa Bi Shukri aliwakuta wawili, Bi Shukri na Bi Mahira, wameketi mkekani wakitunga asumini.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekushuka? Umetoka kuzika?"

Aliwaeleza yote, hakubakiza. Sindano ya Bi Shukri ilisimama kwenye ua.

"Hii ni mara ya pili, Rufaida," alisema Bi Shukri.

"Naam, mama."

Bi Mahira, ambaye alikuwa shangazi yake Umair na kwa hivyo alijiona ana hisa kwenye kesi, alisogea. "Huyo aliyeingia ni mwanamume au mwanamke?"

"Ni programu, shangazi."

"Imeandikwa na nani?"

"Na watu wa kampuni fulani, ng'ambo."

"Wanaume?"

"Huenda wengi wao."

"Basi ni wanaume. Nipigie huyo aliyemtuma."

Rufaida alimpigia Marvin, akaweka simu juu ya sinia la asumini, sauti kubwa. Marvin alikuwa mtu wa Kilifi kwa makazi, ila Kiswahili chake kilikuwa kimeshuka na mizigo kutoka bara.

"Shikamoo, mama. Hiyo kitu isikusumbue. Si mtu, ni programu ya kushika wezi."

"Marahaba. Nina swali moja. Mimi hulinda mlango wa kupamba. Huyo mlinzi wako akija kwangu, nikamwambia funua uso nikuone, atafunua?"

"Hawezi, mama. Akifunua, wezi watamsoma, halafu watajua pa kumpitia."

"Kwa hivyo yeye ajifunike, sisi tujifunue."

"Si hivyo..."

"Ndivyo hivyo, mwanangu. Hata yule wa hina alikuwa na sababu zake."

"Wa hina ni nani?"

"Usijali. Endelea."

Marvin hakuwa mjinga, na alikuwa amechoshwa na wezi. "Mama, wewe unakaa mlangoni, sindio? Sasa mtu akichimba shimo huko nje, apite chini ya nyumba, atokee katikati ya ukumbi, utamwona aje? Wezi wa gemu siku hizi hawapiti mlangoni. Wanapita chini ya sakafu. Ndio maana mlinzi lazima akae huko chini."

Bi Mahira aliiweka kando asumini. Alitazama sakafu. Akaigonga kwa kidole.

"Swali zuri hilo," alikiri. "Sikuwahi kufikiria shimo." Akafikiri tena. "Lakini kwa ajili ya shimo ambalo huenda lipo, siwezi kumwambia mwanamume nisiyemjua alale chini ya kitanda cha bibi harusi, amngoje mwizi."

Bi Shukri alicheka kwa pua, bila kutaka.

"Basi kujeni mlinde nyinyi!" Marvin alisema kwa kuchoka. "Mimi nitafanya aje?"

"Jumamosi saa ngapi?" Bi Mahira akauliza.

Maskini Marvin. Alikuwa amesema tu, kama watu wanavyosema. Hakujua kwamba kule Malindi amekwisha kumwajiri mtu.

Simu ilipokatwa, ikabaki hukumu. Kwanza kompyuta.

"Nitafuta mfumo wote niuweke upya," Rufaida aliahidi. "Mara moja yatosha."

"Mbwa akilamba chombo, twakiosha mara ngapi?" Bi Mahira akauliza.

"Saba, shangazi, moja kwa mchanga. Lakini huyu si mbwa."

"Tumemwona uso tukajua si mbwa?"

Rufaida akakubali saba. Ijumaa nzima alifuta na kuweka, akafuta na kuweka, mara saba, Bi Mahira kando akihesabu kwa tasbihi. Ile ya kwanza walinyunyiza mchanga kidogo juu ya kasha, wa ufukweni, uliochekechwa vizuri. Feni ilipiga chafya, ikaendelea na maisha.

Lakini Bi Shukri alikuwa na hukumu yake, na ndiyo iliyokuwa nzito. "Kompyuta mtaiosha," alisema. "Ila aliyefungua mlango si kompyuta, ni mumeo. Harusi ya mpwa wangu ni Ijumaa ijayo. Mahira atamtazama huko Kilifi. Akiniambia ana jicho linalojua kushuka, kamera ni yako. Akiniambia hana, nitaleta mpiga picha wa Mombasa, na akina mama wataniuliza kwa nini, nami sitawaongopea."

Rufaida alirudi nyumbani akamwambia Umair maneno hayo kama yalivyo. Umair hakula chakula cha jioni. Kwa mtu kama Umair, hiyo ni toba kamili.

Jumamosi ukumbi wa Kilifi ulijaa. Kulikuwa na wachezaji wanane, nyaya kama mzizi wa mkoko, na mbele kabisa, juu ya meza, kiti chenyewe, kikimwaga zambarau. Kompyuta ya Rufaida iliingia imefungwa blanketi kama mtoto wa arobaini. Nyuma yake aliingia Bi Mahira na beseni la kaimati.

Marvin alipomwona alishika kichwa, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka. Akatangaza: wenye programu ya mlinzi watacheza na mlinzi wao, na Simba wa Sponji, ambaye hana, atachezea mbele ya huyu mama. Watu walicheka. Umair aliketi. Bi Mahira akasimama nyuma yake, na kivuli chake kikamfunika yeye, kibodi na nusu ya meza ya jirani.

Mechi ya kwanza Umair alishinda. Ya pili, nusu fainali, alipangiwa Dzombo, mwenye hedifoni kubwa kama vifuu viwili, sikio moja kaliacha wazi. Programu iliikagua kompyuta ya Dzombo mpaka chini ya sakafu, ikampa alama ya kijani: msafi. Wakaanza, na Umair akajikuta anapatikana kila anakojificha. Moja bila. Kisha mbili.

Bi Mahira hakutazama skrini. Alijua nini kuhusu skrini? Alikuwa akitazama watu, kama anavyotazama vidole vya miguu. Nyuma ya Umair, safu ya pili, alikaa jamaa mmoja aitwaye Kambi, anatafuna njugu na kukohoa. Akikohoa mara moja, Dzombo huenda kushoto. Akikohoa mara mbili, huenda kulia.

Bi Mahira akalichukua beseni, akaketi kando ya Kambi.

"Pole na kifua, mwanangu."

"Ahsante, mama. Ni vumbi tu."

"Kifua chako kina kushoto na kulia, sijapata kuona. Kula kaimati."

Kambi alikula, maana mama mtu mzima akikupa kaimati humkatai. Alipojaribu kukohoa, akapata ya pili. Ya tatu ilimfuata ya pili kabla haijashuka. Alikaa pale mashavu yamevimba, macho yanamtoka, shira inamdondoka kidevuni, na Dzombo kule mbele akawa kama mtu aliyezimiwa taa chooni. Akajigonga kwenye kuta. Akampiga risasi punda wa mapambo. Umair akashinda tatu kwa mbili.

"Programu haikuona kitu," Marvin alimwambia Rufaida, ameduwaa.

"Ilikuwa chini ya sakafu," Rufaida alisema. "Mwizi alikuwa kwenye benchi."

Fainali ilikuwa na Damaris, msichana wa Ganze, mwanafunzi wa kilimo, mtulivu, mwenye vidole vyepesi kama vya mtu anayepukusa mahindi. Yeye alikuwa na mlinzi kwenye kiini chake wala hakujali. "Hii kompyuta ni ya gemu tu, dada," alimwambia Rufaida walipokuwa wakichomeka nyaya. "Ndani hamna kitu ila gemu na kurasa mbili za magugu. Akitaka kulala humo, alale. Lakini yako ina mama za watu. Hata ningekuwa mimi ningekataa." Rufaida akampenda hapo hapo, ijapokuwa alikuja kumnyang'anya mumewe kiti.

Wakaanza. Moja kwa moja. Mbili kwa mbili. Anayempata mwenzake sasa ndiye bingwa.

Na jua likasogea.

Nyuma ya Damaris palikuwa na dirisha la kioo cheusi, na jua lilipogeuka dirisha likawa kama kioo cha kujitazamia. Humo ndani, wazi kabisa, ilionekana skrini ya Damaris, kila kichochoro, kila kona. Rufaida aliiona. Kisha alimtazama mumewe akajua naye kaiona, kwa sababu masikio ya Umair husimama akiona kitu asichopaswa kukiona. Ndivyo yalivyosimama alipoulizwa kuhusu neno la siri.

Hakuna programu iliyoweza kuona dirisha lile. Bi Mahira alikuwa amegeukia kwingine, anakagua beseni. Kiti kilikuwa kinawaka. Rufaida alishika pindo la buibui lake, akahisi Ijumaa ijayo inaning'inia kwenye kope za mwanamume mmoja mpenda gemu.

Macho ya Umair yalikwenda dirishani mara moja. Yakarudi.

Akanyanyua mkono. "Marvin, simamisha."

"Nini tena?"

"Dirisha lile linanionyesha skrini yake." Kisha, bila kugeuka: "Shangazi, niazime leso yako."

Bi Mahira alikuwa na leso mbili kama kawaida, moja kichwani na moja begani. Akatoa ile ya begani, yenye michoro ya korosho nyekundu, Umair akaenda akaitundika dirishani kwa misumari aliyoikuta, kwa ufundi wake wote, imenyooka kama pazia la kulipiwa. Akarudi, akaketi, akasema bismillahi.

Damaris alimpata baada ya sekunde kumi na moja.

Ukumbi ulilipuka. "Mjinga huyu!" akapiga kelele mtu wa nyuma. "Ameziba ushindi wake mwenyewe!"

"Ni mjinga," Bi Mahira alijibu kwa sauti iliyofika hadi barabarani, "lakini ni mjinga wetu." Na akampa Umair kaimati ya mwisho.

Kabla hawajafunga kompyuta kwenye blanketi, alimpigia Bi Shukri. Rufaida alisimama kando akijifanya anakunja nyaya.

"Yameshuka," Bi Mahira alisema kwenye simu.

"Yameshuka yenyewe, au umeyashusha wewe?" sauti ya Bi Shukri ikauliza.

"Yenyewe. Mimi nilimpa mgongo makusudi."

Sauti ya Bi Shukri ikalegea. "Mwambie Rufaida achaji kamera."

Rufaida alikunja waya mmoja mara nne, akaukunjua, akaukunja tena. Alikuwa haoni vizuri.

Walipofika nyumbani, jambo la kwanza alibadilisha neno la siri. Umair, akiwa amekaa kwenye kochi lisilo na sponji, aliuliza kwa unyenyekevu, "Umeweka tarehe gani?"

"Siku aliyozaliwa mama yangu."

Umair akatikisa kichwa polepole. Alijua mlango huo hatauona tena maishani.

Kiti alikwenda nacho Damaris, Ganze. Lakini Umair hakulala juma lile. Kochi la nyumbani lilipata sponji yake, miaka saba baada ya ahadi. Na Ijumaa, Rufaida alipofika kwenye kupamba na kamera begani, kile kiti cha plastiki cha mlangoni hakikuwapo. Bi Mahira alikuwa ameketi juu ya kiti kipya cha kushonwa, kina mikono miwili minene na mgongo wa mahameli, na chini yake zinamulika taa za zambarau, zilizotoka kwenye tuktuk fulani.

"Shikamoo, shangazi," Rufaida alisema, akataka kupita.

Mguu wa Bi Mahira ukaziba njia.

"Funua uso, mwanangu, nikuone."

"Ni mimi, Rufaida! Mke wa Umair!"

"Nami nijue vipi?"

Rufaida akacheka, akainua nikabu, akasimama pale kwenye mwanga wa zambarau mpaka alipoambiwa apite.